Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Kazi za Mikono wa Bombo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho na Utoaji wa Vyeti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, masheikh na wachungaji, wazee wetu, wazazi, wanafunzi mnaopokea vyeti leo, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja, na zaidi kwa kuja mwenyewe. Tumezoea wageni rasmi wanaotuma wawakilishi, na mwakilishi kila ombi hulijibu kwa neno moja: "nitafikisha". Tunajua unatarajiwa Luwero mjini alasiri, kwa hiyo historia yetu tutaipitia mbio.

Kikundi kilianzishwa na akina mama wachache wa Kinubi waliokuwa wakisuka makawa na vikapu vya rangi kibarazani. Ufundi huo walirithi kwa bibi zao, nao walirithi kwa waliotangulia, wa kizazi cha askari wa Kinubi kutoka Sudani walioletwa Uganda na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891. Baadaye wakaongezeka wafinyanzi, seremala, mshonaji, na vijana waliomaliza shule wakakosa pa kwenda. Tukapanga ghala kuukuu la kahawa, tukalifagia, tukaliita karakana. Hiyo ndiyo historia.

Mafanikio ni makubwa. Kazi zetu zimevuka bahari: watalii wanaokwenda kuona vifaru kule hifadhi ya Ziwa na maporomoko ya Murchison hupita barabara hii hii ya Gulu, na mmoja wao alisimama, akachagua vikapu viwili, akaondoka navyo hadi Uholanzi. Katika maonyesho ya kaunti ndogo tulishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa wafuga nyuki, kwa hiyo upande wa sanaa hatukuwa na mpinzani.

Kila msimu tunajifunza ufundi mpya. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, wengi wetu tulikijua kwenye maziko na sherehe za Kiganda tu. Leo vijana wanakishonea mikoba na vifuniko vya taa, na wanakijalidia vitabu: wanakunja karatasi mafungu mafungu, wanatoboa mgongo, wanashona kwa uzi uliopakwa nta, na kitabu kinafunguka hadi katikati bila kuachia ukurasa. Gurudumu la kufinyangia mliloliona mlangoni limeundwa na seremala wetu kwa mbao, beringi za gari bovu na duara la zege linalosukumwa kwa mguu. Linazunguka kuliko ya kiwandani. La kiwandani hatujawahi kuliona, lakini hatuna shaka.

Mheshimiwa, mengine utayasoma kwenye nakala. Tumekuita kwa jambo moja, nalo ni tanuri la kuchomea vyombo.

Kufinyanga tunajua. Udongo wetu ni mzuri, tunauchuja, tunaukanda, tunauchanganya na unga wa vigae ili usipasuke. Taabu inaanza kwenye moto. Hadi leo tunachomea chini, uwanjani: tunapanga vyungu, tunavifunika kwa majani makavu, kinyesi cha ng'ombe na makapi ya kahawa, tunawasha, tunaanza kuomba Mungu. Moto wa wazi hupanda ghafla na kushuka ghafla, na mara chache huvuka nyuzi joto 900 za Selsiasi. Upande ulioelekea upepo unaiva, upande wa pili unabaki nusu mbichi. Chombo chenye unyevu kidogo tu ndani yake, maji yale yakigeuka mvuke hayana pa kutokea, basi kinalipuka na kuvunja na jirani zake.

Masika yaliyopita Hajati mmoja, mjane anayesomesha wajukuu, alikuwa na oda ya vikombe na mabakuli ya mkahawa mmoja wa barabarani. Alichagua siku ya jua. Moto ulipokuwa umekolea, wingu likatoka upande wa Wobulenzi na mvua ikashuka. Tulikimbilia mabati, tulikimbilia maturubai, lakini tulichosikia ni pa! pa! pa! hadi kimya. Asubuhi aliokota vigae kwenye karai, akavisaga, akavirudisha kwenye udongo. Mwenye mkahawa akanunua vikombe vya plastiki.

Hata vile vinavyonusurika, Mheshimiwa, vinavuja. Chombo kilichochomwa kwa moto mdogo kina vinyweleo. Mtungi wa maji unafaidika navyo, kwani maji yanapoa, lakini kikombe cha chai kinatokwa jasho mezani. Dawa yake ni glezi, ule utando wa kioo unaoziba na kung'arisha. Glezi tunayotaka kutumia, isiyo na madini ya risasi, inahitaji nyuzi 1,000 na zaidi, na moto utulie hapo. Uwanjani hilo haliwezekani. Ndiyo maana vijana hawa wanapokea vyeti vya ufinyanzi leo na kesho wanauza vyungu vya maua.

Ombi hili si jipya. Mgeni rasmi mmoja aliyetangulia, aliyekaa kwenye kiti hicho hicho, aliguswa sana. Tulikuwa tumemzawadia kijitabu tulichokijalidi wenyewe kwa gome la mutuba, na mbele ya macho yetu alikifungua ukurasa wa kwanza akaandika: "Tanuri, Bombo." Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kijitabu kile ni imara sana, Mheshimiwa. Tunaamini maandishi yale bado yapo, popote yalipo.

Mfadhili mwingine yeye alileta kitu, na hatutaki kukosa shukrani. Alileta tanuri la umeme lililokwisha kutumika. Tulilipokea kwa ngoma na vigelegele, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Tulipolifungua tukakuta nyaya za kupashia joto zimekatika, tena linataka umeme wa fezi tatu wakati waya unaofika karakana ni wa fezi moja. Tulipoomba kuongezewa tuliambiwa tununue nguzo wenyewe. Hivi sasa kuku wa jirani anaatamia ndani yake, na hatujapata moyo wa kumfukuza, kwa sababu ndiye pekee aliyenufaika na msaada ule.

Kuna watakaosema twende PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi. Wapo wanachama waliokwenda, na wanashukuru. Lakini fedha zile ni mkopo wa shilingi milioni moja kwa kaya, na zimelenga zaidi kilimo na ufugaji. Tanuri ni la watu wote. Huwezi kumpa huyu mlango na yule bomba la moshi.

Kwa hiyo hatuombi umeme, wala kitu cha kutoka ng'ambo. Tunaomba tanuri la kujengwa, la mita moja ya ujazo, litakalochomwa kwa makapi ya kahawa, ambayo mashine za kukoboa hapa wilayani Luwero hazijui pa kuyatupa, pamoja na matawi ya mikaratusi. Matofali ya kawaida ya ukuta wa nje tumefyatua na kuchoma wenyewe. Yako nyuma ya hema, Mheshimiwa anaweza kuyahesabu. Mchanga tunao, kiwanja tunacho kwa barua, mikono ni hii. Tunachokosa ni matofali 700 ya kustahimili moto kwa ajili ya ndani, rafu za kupangia vyombo, kipimajoto, na ujira wa fundi anayejua kujenga njia ya moto na moshi. Hata udongo mweupe wa kaolini unaofaa matofali ya aina hiyo upo humu humu Uganda, Mutaka kwa mfano. Bei tulizoulizia zimeambatishwa, kila kitu kwa mstari wake, na hatukuongeza kitu cha kupunguziwa.

Leo hatutoi kijitabu. Zawadi tuliyokuandalia ni jagi, limefinyangwa na mwanafunzi aliyeongoza darasa. Lilichomewa uwanjani, kwa hiyo tunakuomba kwa heshima zote usilitie maji.

Mwisho, mweka hazina ana daftari la kumbukumbu hapo mezani kwako, na ukurasa umeshapigwa mistari: ahadi, kiasi, tarehe, sahihi, namba ya simu inayopatikana. Kalamu iko ndani. Pilau imeiva tangu saa saba, ila mama zetu wa jikoni wanasema wataanza kupakua daftari likisharudi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati