Mtaji mdogo usiishie kwenye karai

Kwa Mhariri,

Hafla nyingi za kuwawezesha vijana na akina mama hapa Mombasa hupigwa picha ileile: karai jipya, jiko, pengine na mwavuli, watu wakishangilia. Baada ya miezi miwili karai liko uvunguni mwa kitanda, na mwenyewe anaambiwa kwamba mtaji wake ulikuwa mdogo. Sikubaliani na jibu hilo. Mara nyingi mtaji ulitosha, ila ulilala wote kwenye vyombo, pesa za kununua viazi vya siku ya pili zikakosekana. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa hesabu, kwa kutumia biashara ambayo kila mtaa wetu unaijua: viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa.

Tuseme mtu ana Sh6,000. Bei za soko hupanda na kushuka, kwa hivyo tarakimu zangu ni za mfano. Msomaji aziondoe, aweke za siku atakayokwenda sokoni Kongowea au Marikiti. Vyombo, pamoja na lita mbili za mafuta ya kuanzia, visizidi Sh2,400. Sh3,000 ni za bidhaa za siku tatu. Sh600 zinazobaki zifichwe mpaka siku ya mvua au ya homa. Karai na jiko vinunuliwe vilivyotumika. Sufuria, beseni na meza vitoke nyumbani au viazimwe. Banda na bango vingoje. Siku tatu nimezitaja kwa sababu wiki ya kwanza wateja hawajakuzoea. Ukibakiwa na viazi Jumatatu, na Jumanne mvua ikanyesha tangu alasiri, Jumatano bado utawasha jiko. Aliyeanza na bidhaa za siku moja akikosea mara moja tu, amefunga.

Sasa hesabu ya siku. Viazi kilo tano Sh400. Unga wa ngano robo tatu kilo Sh60, wa dengu robo kilo Sh60. Manjano, pilipili, chumvi na dania Sh70. Nusu lita ya mafuta ya kujazia yaliyonyweka jana Sh150. Makaa Sh100. Ukwaju robo kilo Sh60. Maji matamu mitungi miwili Sh50. Karatasi za kufungia Sh50. Jumla Sh1,000. Maji, makaa na karatasi ndivyo vinavyosahaulika, na hapa vimekula Sh200, sehemu moja kwa tano ya gharama yote. Maji ya kisima cha chumvi yanafaa kusugulia masufuria, hayafai kupikia. Karatasi nayo haina mbadala: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na gazeti si la kufungia chakula chenye mafuta kwa sababu wino huhamia kwenye chakula.

Kilo tano, ukishatoa maganda na vilivyoharibika, hubaki kama kilo nne na robo. Ukikata vipande vya gramu 40 utapata mia na kidogo. Vichache vitavunjika, basi hesabu mia. Kila kipande kimekugharimu Sh10, na wewe mwenyewe hujajilipa. Anayeuza Sh10 kwa sababu jirani anauza Sh10 anachoma makaa bure. Huenda jirani anakata vipande vya gramu 25, na hilo hulioni mpaka uvishike mkononi. Ukiuza Sh15, kipande cha 67 ndicho kinachorudisha ile Sh1,000. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari, na kabla ya kuifikia isitoke hata ya soda. Ukimaliza vyote mia umepata Sh500: jilipe Sh200, Sh300 ziongeze mtaji. Vikibaki 20, faida imeshuka hadi Sh200 na siku hiyo hakuna cha kuongeza. Ndiyo maana kupika kidogo ukamaliza saa moja usiku ni bora kuliko kujaza sinia ukabaki nalo saa nne.

Hesabu hii huvunjwa na kiazi chenyewe, na hapo ndipo wanaoanza hukosea sana. Usinunue gunia. Kiazi aina ya Shangi, ambacho ndicho kingi sokoni, huchipua upesi, na joto letu la Pwani hukiharakisha. Gunia likikaa kwenye chumba kisicho na hewa, kimoja kikioza kinawaambukiza wenzake. Nunua cha siku moja au mbili, ukitandaze gizani juu ya mkeka. Kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua kina sumu na uchungu ambao kuchemsha hakuuondoi. Kitupe.

Chemsha na maganda, anza na maji baridi yenye chumvi. Ncha ya kisu ikiingia bila kulazimishwa, epua, kabla kiazi hakijapasuka. Mwaga maji yote, uviache vipoe nusu saa hadi viwe vikavu, ndipo umenye na kukata. Kiazi chenye majimaji huvua ganda lake la unga ndani ya karai na kurusha mafuta. Ukitaka uhakika zaidi, kigaragaze kwanza kwenye unga mkavu kidogo. Uji wa unga uwe mzito kiasi cha kufunika mgongo wa upawa bila kuchuruzika mara moja; kilo moja ya unga uliochanganywa huchukua maji ya takriban lita moja na kidogo, ukiongeza polepole. Ukiwa mwepesi, kiazi kinatoka uchi. Ukizidi uzito, nje kumeiva na ndani kuna unga mbichi. Changanya nusu kwanza, nusu nyingine baadaye, kwa kuwa uji ukikaa kwenye joto jioni nzima huchachuka.

Mafuta yasivuke nusu ya karai. Dondosha tone la uji: likizama kisha likapanda upesi na mapovu, tia viazi. Likikaa chini, mafuta bado baridi na kiazi kitayanywa, na hapo ile nusu lita ya hesabu yetu inakuwa lita nzima. Tia vipande vinane au kumi kwa mara moja, kwa sababu ukijaza karai moto unashuka palepale. Chembe za unga zinazobaki chini ziondolewe kila baada ya mkupuo. Hizo ndizo zinazoungua na kuyatia mafuta weusi. Usiku yakipoa yachuje kwa kitambaa, uyafunike. Yakianza kutoa povu lisilotulia, harufu kali na moshi kabla ya kupata moto sawasawa, yamwage yote. Kuongeza mazima juu ya yaliyoharibika ni kuharibu na hayo mazima.

Ukwaju unahitaji tahadhari kuliko kiazi, kwa kuwa hauingii kwenye mafuta ya moto. Robo kilo iroweke kwa lita moja na nusu ya maji ya moto, kamua, chuja, kisha uchemshe pamoja na pilipili na chumvi. Anayeuongeza maji ya mtungi yasiyochemshwa ili utoshe wateja wa mwisho anacheza na matumbo ya watu, hasa misimu ya kipindupindu. Mtaa ukipata habari kwamba mtu aliugua kwako, hakuna punguzo la bei litakalowarudisha wateja.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Mfuko wa Hustler, wa mikopo ya serikali, ulioanzishwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa mtu binafsi hulipwa kwa siku 14. Ukikopa Sh1,000, Sh50 zinakwenda kwenye akiba na mkononi unapata Sh950. Riba ya siku hizo haifiki hata Sh5, kwa hivyo riba si tatizo. Tatizo ni siku 14. Bidhaa zinazorudisha pesa jioni ileile, kama viazi na mafuta, zinaweza kubeba mkopo huo. Karai, banda au vifaranga vya nyama vinavyotaka zaidi ya mwezi haviwezi. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, nayo huchukua ada, na pesa zikiingia kwenye laini yenye deni hilo hukatwa zenyewe, hata kama ni za mteja aliyekulipa viazi dakika hiyo. Fungua Pochi la Biashara au namba ya till, yaani njia za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, pesa za kazi zisichanganyike na za nyumbani. Wateja wa "niandikie" nao wawekewe kikomo: jumla ya madeni isizidi faida ya siku moja.

Mahali na saa si vya kubahatisha. Kabla ya kuweka meza, kaa hapo jioni tatu kuanzia saa kumi na uhesabu wanaopita kwa miguu wakiwa wanarudi nyumbani. Wanaokwenda mbio kuwahi feri ya Likoni ni wengi, lakini hawasimami kungoja kiazi kiive. Kwao lazima kiwe tayari kimefungwa. Ramadhani mchana hakuna biashara, ila alasiri foleni ni ndefu na kila kitu kiwe nje kabla ya magharibi.

Muuza chakula anatakiwa awe na leseni ya kaunti na cheti cha afya, ambacho hupimiwa upya kila miezi sita. Ada hizo hazimo kwenye Sh6,000 zangu, na wengi huzijua siku askari wa kaunti wanapobeba meza. Naziomba ofisi za wadi zibandike ukutani, kwa Kiswahili, ada za mchuuzi wa chakula na mahali pa kuzilipia.

Na kwa waheshimiwa na wafadhili wanaogawa vifaa: kwa kila karai mnalotoa, ongezeni pesa za bidhaa za siku tatu, na msizitoe siku ya hafla. Toeni za siku ya kwanza, halafu fikeni wiki ya pili, mtazame daftari, mtoe zilizobaki. Picha zitakuwa chache, lakini jiko litakuwa linawaka.

Mchuuzi wa vyakula,
Majengo, Mombasa