Cheo Huziba Masikio: Barua kwa Maofisa Vijana

Wanangu mliovishwa vyeo juzi,

Nawaandikia nikiwa nimeshavua gwanda, kwa hiyo sina cha kuogopa wala cha kuomba kwenu. Chuoni mmefundishwa kusoma ramani, kupanga doria, kutoa amri na kuendesha gwaride, na mmefundishwa vizuri. Jambo moja hamkuweza kufundishwa pale, kwa sababu kuruta huambiwa makosa yake kutwa kucha hata asipotaka. Kuanzia siku mlipopata kamisheni, watu wa kuwaambia ukweli juu yenu wameanza kupungua, nao watazidi kupungua kila mtakapopanda.

Askari si waongo. Askari ana likizo inayongoja sahihi yako, na ana ripoti ya mwaka ambayo utaiandika wewe. Ukimwuliza, "Mpango huu unauonaje?" atajibu, "Mzuri, afande." Ukitania, watacheka. Ukifoka bila sababu, watasimama mguu sawa na kukutazama, halafu usiku mahangani watakusema kwa maneno ambayo hayatakufikia kamwe. Taratibu unaanza kuamini kwamba mipango yako yote ni mizuri na hasira zako zote ni za haki. Nimeona watu wema wakiharibika hivyo, na jambo hili linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ninapowaambia mjitambue, siwatumi mkakae peke yenu kuitafakari mioyo yenu. Kamanda hujijua kupitia walio chini yake, na lazima aweke mwenyewe utaratibu wa kumwezesha kuwasikia. Usipouweka, hakuna atakayekuwekea.

Tazameni yaliyotokea Balaclava, katika Vita vya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Lord Raglan, kamanda wa Waingereza, alikuwa juu ya mwinuko. Kutoka pale aliona Warusi wakijiandaa kuondoa mizinga waliyoiteka asubuhi ile. Akatuma amri ya maandishi: wapanda farasi wasonge mbele upesi, wamzuie adui asiondoke na mizinga. Kwa mtu aliyesimama pale juu, amri ilikuwa wazi kabisa. Lakini Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyeipokea, alikuwa chini bondeni, na vilima vilimzuia kuiona mizinga hiyo. Alipouliza ni mizinga ipi, Kapteni Nolan aliyeleta karatasi akanyoosha mkono kwa jazba kuelekea bondeni. Mizinga iliyoonekana huko ilikuwa betri, yaani kundi la mizinga, ya Warusi kwenye mwisho wa bonde, na pembeni kulikuwa na mingine. Lord Cardigan, aliyeongoza brigedi iliyotakiwa kushambulia, alimkumbusha Lucan juu ya hatari hiyo. Lucan akamjibu kwamba ndivyo Raglan anavyotaka. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaingia bondeni, na zaidi ya 100 wakafa.

Watu wamebishana miaka mingi kama kosa lilikuwa la Nolan au la Lucan. Mimi jicho langu liko kwa Raglan. Hakukumbuka kwamba anachokiona yeye kinaonekana kutoka pale alipo tu. Na tazameni tena: ukweli ulisemwa siku ile. Cardigan aliusema. Ulikwama kwa Lucan, kwa sababu hapakuwa na mazoea ya kuurudisha juu. Kabla hujatoa amri, simama kwa fikra mahali atakaposimama anayeipokea, kisha mtake akurudishie amri hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Akisita, usimkaripie. Amekuonyesha kitu ambacho wewe hukuweza kukiona.

Majeshi ya zamani yalilijua tatizo hili. Katika mahakama za kijeshi za nchi kadhaa, wajumbe wanapopiga kura, mwenye cheo cha chini huanza na mkubwa humaliza, ili mdogo asifuate tu upepo wa wakubwa. Kamanda mmoja niliyemtumikia nikiwa luteni aliufanya utaratibu huo kuwa desturi ya kombania. Kila alipotaka ushauri alianza na aliye mdogo kuliko wote, na ramani yake aliiacha imekunjwa mpaka wa mwisho amalize kusema. Baada ya hapo aliamua peke yake, na hakuna aliyebisha. Watu hudhani kusikiliza kunapunguza mamlaka. Sikuwahi kuona amri zikitiiwa haraka kama zake.

Marekani walilipeleka jambo hili mbali zaidi. Kwenye uwanja wao mkubwa wa mazoezi wa Fort Irwin, California, tangu miaka ya 1980, vikosi vilipambana vikiwa na vifaa vya leza vilivyoonyesha nani kapigwa. Baada ya pambano walikaa kufanya tathmini: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini. Kamanda alisikia makosa ya mpango wake yakitajwa mbele ya watu wake. Inauma sana. Lakini anayeumia zoezini hazikwi, wala hazikwi askari wake.

Yupo pia Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia huko Burma (Myanmar ya leo), ambako askari wengi wa Afrika Mashariki walipigana. Mwaka 1944 alikadiria kwamba Wajapani wangeweza kupeleka Kohima, mji wa India karibu na mpaka wa Burma, kikosi cha ukubwa wa rejimenti tu. Ikaja divisheni nzima, yenye rejimenti kadhaa ndani yake. Wajapani walishindwa katika vita ile, na Slim angeweza kunyamaza, kwani mshindi nani humwuliza? Badala yake aliandika baadaye, waziwazi, kwamba alikosea. Ndiyo maana namheshimu kuliko majenerali wengi waliotangulia na waliofuata.

Nisisahau usingizi. Vijana hujisifu kwa kukesha, na hapo nawaomba mnisikilize hasa. Mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa hapungukiwi nguvu tu, hupungukiwa pia na uwezo wa kujua kwamba amepungukiwa. Atakwambia yuko sawa, na atakuwa anaamini. Panga zamu yako ya kulala kama unavyopanga malindo, umwachie msaidizi wako uongozi, na akikwambia nenda ukalale, nenda.

Sasa wiki yako ya kwanza kikosini. Mtafute sajenti wa platuni yako, mkae wawili tu. Mwambie hivi: mbele ya askari tutakuwa kitu kimoja, lakini tukiwa peke yetu nataka uniambie ninapokosea, hata nisipokuuliza. Mzee huyo ametumika kabla hujaanza shule, na amewaona maluteni wengi wakija na kupita, kwa hiyo hatakuamini. Atakupima kwa jambo dogo: pengine sauti yako kwenye gwaride, pengine askari unayempendelea. Siku hiyo usijitetee, wala usimweleze kwa nini ulifanya ulivyofanya. Sema asante, na kesho yake arekebishiwe jambo hilo aone kwa macho yake. Ukimkatisha siku hiyo ya kwanza, hatakuambia kitu tena mpaka mmoja wenu ahamishwe.

Ni mimi mzee wenu,
ofisa mstaafu.