Mama akisahau, sahihi yake haina kazi

Mhariri,

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pensheni yake huingia benki kila mwezi. Sasa haigusiki. Alipopatwa na kiharusi alipooza upande wa kushoto, lakini akili ilibaki nzima. Alikuwa akinituma dukani na kunidai chenji hadi shilingi ya mwisho. Huo ndio muda tuliopaswa kukaa naye tuzungumzie mali yake. Hatukuthubutu. Kwetu, kumwekea mzazi karatasi mbele yake ni kama kumchimbia kaburi angali hai, na ndugu zangu walio Nairobi wangesema ninalimezea mate shamba.

Mwaka uliofuata akaanza kusahau, hadi majina yetu. Ndipo nilipokimbilia hati ya uwakilishi, ile karatasi ya kumruhusu mtu mwingine ashughulikie mali yako kwa niaba yako, nikamsaidia kuweka kidole gumba. Karani wa benki alimuuliza mama swali moja tu: amekuja kufanya nini? Mama akajibu kwamba amekuja kusahihisha vitabu vya darasa la nne. Hati ikarudishwa. Nilitoka nimefura kwa hasira, ila karani hakukosea.

Hati hiyo hutolewa na mtu mwenye akili timamu. Tena, kwa kanuni tuliyorithi kwa Waingereza, hata ukiitoa mapema hufa siku akili yako inapopotea, yaani siku ile ile mlezi anapoihitaji. Hapo njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili: unaomba uteuliwe mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake, na unapeleka ripoti ya daktari. Huwezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama. Ndugu zangu waliposikia sharti hilo walitia sahihi viapo vya kuniunga mkono bila maneno mengi. Kumbe wangekubali tangu mwanzo.

Kwa hiyo walio na mzazi ambaye bado anadai chenji yake, muiteni kikao sasa. Aseme mwenyewe, mbele ya watoto wote, nani atamtunza na nani atashika mali, na yaandikwe.

Lakini mzigo huu si wa familia peke yake. Jirani yetu, bikizee wa zaidi ya miaka 70, hupokelewa Sh2,000 zake za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, na mjukuu aliyesajiliwa kuwa mlezi wake. Serikali ilikumbuka mlezi kwa elfu mbili, ikamsahau kwa pensheni ya mwalimu! Waingereza wenyewe walitunga sheria mwaka 1985 ya kuruhusu hati inayodumu hata mwenyewe akipoteza akili. Mbunge wetu akija tena barazani nitamuuliza sisi tunangoja nini, na aje na jibu.

Mlezi wa mama,
Mariakani, Kilifi