Yah: Mvuvi anayeshindwa na karani ziwani

Nyakato, Mwanza

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua boksi la mchezo wenu wa kuigiza wahusika mezani, ule wa visa vya ziwani. Michoro ni mizuri, sina neno. Tatizo ni kanuni za ustadi.

Kitabu kinasema mwenye ustadi anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 2. Asiye na ustadi anarusha tu. Mezani kwetu mhusika mmoja, mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe, alitakiwa kusoma upepo kabla ya kuwasha karabai, ugumu 15, yaani jumla yake ifike 15 au zaidi. Akapata 11, pamoja na nyongeza ikawa 13. Karani wa mjini, ambaye hajawahi kushika kasia, akapata 16. Mwenzetu mmoja anayeuza samaki Mwaloni Kirumba alicheka mpaka akaondoka mezani.

Msiseme ni bahati. Kwa ugumu huo mvuvi ana nafasi 40 katika 100, karani 30. Wakishindana ana kwa ana, kati ya matokeo 400 yanayowezekana karani anashinda 153. Mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi!

Najua nyongeza ya 2 imetoka wapi. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, toleo la mwaka 2014, nayo inaanzia hapo, lakini kule unajumlisha pia uwezo wa asili wa mhusika, na nyongeza inapanda hadi 6 kwenye daraja la 17. Mchezo wenu unaishia daraja la 5, nyongeza ikiwa 3, na uwezo wa asili hamkuuweka kabisa.

Halafu orodha yenyewe. Mwizi ana stadi tatu: kujificha, kuchomoa mifukoni, kufungua kufuli. Kuogelea, kupiga kasia, kushona nyavu na kutengeneza injini mmevirundika vyote kwenye "Ubaharia". Nani kawaambia fundi injini anajua kushona nyavu? Matokeo yake kila mchezaji anachukua Ubaharia, hata mganga.

Kitabu pia kinasema mhusika aliye Bingwa wa ustadi huongezewa ile nyongeza mara mbili. Kadi ya mhusika inasema mara moja. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Msimamizi wa mchezo aamue." Msimamizi ni mimi. Kama kila kitu naamua mwenyewe, hicho kitabu nimelipia cha nini?

Naomba karatasi ya masahihisho: nyongeza ianzie 5, au muandike wazi kwamba mwenye ustadi harushi dadu kwa kazi yake ya kila siku. Ubaharia ugawanywe. Na suala la Bingwa naomba mlijibu kwa maandishi, si kwa simu.

Nakala ya risiti nimeambatanisha. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitalirudisha boksi kwa wakala wenu hapa mjini na kudai pesa yangu.

Wako,
Mteja na msimamizi wa mchezo