Si kila kitu kidogo ni "kipande kidogo"

Mhariri,

Kurasa za mapishi, afya na mahakama zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza zina ugonjwa mmoja: chochote kidogo huandikwa "kipande kidogo", au "kidogo" tu, basi. Kiingereza kina maneno mengi ya vitu vidogo na hayakai kila mahali. Kiswahili nacho hakina upungufu, ila maneno yetu tumeyaacha ghalani.

Mfasiri aulize kwanza: ni cha nini, na kimetokaje kwenye kile kikubwa? "Crumb" ni ya mkate, keki au biskuti, imepukutika. Haiwezi kuwa ya kioo wala ya chungu, maana hivyo vikivunjika hutoa "shard", yaani kigae. "Splinter" imechanika kwenye ubao, nyembamba yenye ncha, ndiyo hiyo inayomchoma mtu kidoleni. "Sliver" nayo ni nyembamba, lakini mara nyingi ni ubale uliokatwa kwa kisu, wa jibini au wa nazi. "Flake" ni bapa na nyepesi, kama rangi inayobambuka ukutani. "Shavings" hutoka kwenye randa na maseremala huziita maranda. "Filings" hutoka kwenye tupa. "Scrap" ni kinachosalia kazi ikiisha, na ikiwa ni ya chuma mtaa umeshaitafsiri zamani: skrepa.

Scrap ya chakula ni makombo. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwani "breadcrumbs" za kuzungushia katlesi huandikwa "makombo ya mkate", kana kwamba mpishi aokote masazo ya mezani. Kinachotakiwa ni mkate mkavu uliosagwa, na wapishi wana jina lake: chenga za mkate.

Waliotafsiri Biblia walikuwa makini zaidi. Kwenye Mathayo 7:3, Biblia ya King James ya 1611 ina "mote", neno linalomfanya Mwingereza afikirie vumbi. Ya Kiswahili ina kibanzi. Neno la Kigiriki lililopo pale ni la kijiti au ukapi mkavu, na upande wa pili wa mfano kuna boriti. Mti kwa mti. Naona Kiswahili kimepiga karibu zaidi.

Jikoni hesabu ni muhimu. "Pinch" ni kinachoshikwa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Dash" asili yake ni kimiminika, kama siki inayotikiswa mara moja kutoka kwenye chupa. Zipo seti za vijiko vidogo zinazouzwa kwa majina hayo, na kwa kawaida dash ni 1/8 ya kijiko cha chai, pinch 1/16, na "smidgen" 1/32. Kijiko cha chai kikiwa mililita 5, pinch ni kama mililita 0.3, na kwa chumvi laini haifiki nusu gramu. Si sheria, watengenezaji hutofautiana, lakini inatosha kwa gazeti. Ukiandika "kungumanga kidogo", kuna atakayetia nusu kijiko cha chai, mara nane ya kilichokusudiwa, na chakula kikawa kichungu. Chumvi ya mchuzi huonjwa ikarekebishwa, ila magadi ya kuokea yakizidi kwenye keki hugunduliwa keki ikishaiva na ladha ya sabuni. Kwa upande mwingine, "dollop" si kidogo hata kidogo: ni kijiko kilichojaa cha kitu kizito kama mtindi.

Habari za mahakamani zina mtego wake. "Iota", "jot", "whit", "shred" na "scintilla" hupenda kukaa kwenye kukanusha. "Not a shred of evidence" ikiandikwa "hakuna kipande cha ushahidi", msomaji hudhani kuna kipande fulani kimepotea. Sema "hakuna hata chembe ya ushahidi". Mzigo wote umebebwa na "hata". Iota ni herufi ya Kigiriki, na jot imetokana nayo. Biblia yetu ina "yodi moja wala nukta moja" katika Mathayo 5:18. Scintilla ni Kilatini cha cheche, lakini nisingeandika "cheche ya ushahidi", kwa kuwa cheche ya Kiswahili huwasha moto. "Modicum" haimo katika kundi hili. Hiyo ni kidogo kinachotosha: "angalau heshima kidogo".

Halafu kuna mapacha wanaopeana migongo. "A grain of truth" inakubali kwamba ndani ya maneno hayo umo ukweli, japo mdogo. "A grain of salt", ambayo Waingereza zaidi husema "pinch", inakuonya usiyameze mazima.

Grain hiyohiyo ni kipimo cha uzito, takriban miligramu 65, na vitabu vya zamani vya dawa vimejaa alama yake, "gr". Aspirini ya grain 5 ni kama miligramu 325. Anayesoma "gr" kuwa gramu amezidisha dozi mara 15. Hata tone si moja: mipira mingi ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita, ile ya matone madogo hutoa 60. Kuandika "matone 60 kwa dakika" bila kutaja mpira ni kuacha msomaji kati ya mililita 3 na 1.

Naomba ukurasa wa afya uangalie kwanza onyo la "may contain traces of nuts" kwenye pakiti za vyakula. Nimeliona likitafsiriwa "ina karanga kidogo". Makosa ni mawili. "May" ni huenda, si ina. Na "nuts" kwenye maonyo hayo kwa kawaida ni korosho, lozi na wenzao; karanga kwa kawaida hutajwa peke yake kwa jina la "peanuts". Iandikwe: "Huenda ikawa na chembechembe za korosho, lozi au jamii yake." Karanga zitajwe pale tu pakiti yenyewe inapozitaja.

Mfasiri na mwalimu wa Kiingereza,
Dodoma