Shangazi, nilichokisema kwenye ile video

Chicago, 11 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sijambo, mimi na baridi yangu. Leo asubuhi nilitoka kutupa takataka kichwa hakijakauka, nikarudi nywele zimesimama kama makuti. Natumaini goti lako limepoa, na lile paa la jikoni mmeshaliziba.

Nimeandika kwa mkono na kumpa barua mtu wa Muheza anayerudi likizo, kwa sababu simu ya binamu haina siri. Kinachoingia humo saa mbili, saa tatu kipo kwenye kundi la ukoo, saa nne Paroko anacho.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Uliuliza maswali matatu kwa pumzi moja: kwa nini nimesimama peke yangu gizani naongea, kwa nini watu wananicheka, na kama nimeanza kunywa. Ukaongeza kwamba binamu aliitazama video yote, akacheka mpaka akakaa chini, na ulipomwomba akutafsirie akasema anawahi bodaboda. Binamu mwoga, lakini kwa hili simlaumu. Nitakutafsiria mwenyewe. Nivumilie tu kwanza, maana ukilisikia nililolisema bila ya kabla yake utanipigia simu usiku wa manane.

Sinywi. Pale ni chini ya baa, palipokuwa stoo ya bia, na watu hupanda jukwaani mmoja mmoja kuchekesha. Viti kama hamsini, ishirini vina watu, na wengi wa hao wanasubiri zamu yao wenyewe. Unaandika jina kwenye karatasi mlangoni, unapewa dakika 5. Ikiingia ya nne, mtu aliyekaa nyuma anakumulikia taa ya simu. Ukijitia hukuiona, wanakuzimia maikrofoni. Malipo hakuna. Nimepanda zaidi ya mara mia mbili, na mara ya kwanza kulipwa nilipata dola 25 na sahani ya chipsi. Najua utasema hata mganga hupewa kuku. Natoka kazini saa tatu usiku, napanda treni ya Red Line ambayo hailali, nafika, nasimama, nachekesha au nadoda, narudi kulala. Kudoda ndiko kwingi. Unasema jambo uliloliwaza wiki nzima, kisha unasikia friji ya baa ikinguruma.

Baba atasema hiyo si kazi. Mkumbushe kwamba wewe ulilia Agosti 2018, siku Mzee Majuto alipofariki Muhimbili. Ulilia umeegemea mlango wa jikoni, na mchele ukaungua. Mtu hukuwahi hata kumpa mkono! Alikuwa amekuchekesha tu miaka yote hiyo, na wewe ukamlilia kama ndugu. Na huku kazi hii ina majengo yake na walimu wake. Kuna ukumbi uitwao Second City, ulifunguliwa mwaka 1959, na michezo ya kuigiza bila maandishi inayofundishwa pale ilianzia kwa mama mmoja, Viola Spolin, aliyewafundisha watoto wa wahamiaji wa mji huu. Mwanawe ni mmoja wa walioanzisha ukumbi huo. Kwa hiyo ni kazi ya wageni tangu mwanzo, Shangazi. Sijavamia shamba la mtu.

Sasa nikuungamie la kwanza. Mwaka wangu wa kwanza jukwaani nilikuwa nauza simba. Nilipanda nikaongea Kiingereza cha kujikunja, lafudhi ambayo hata mimi sijui ni ya nchi gani, nikawasimulia jinsi nilivyokwenda shule nimepanda tembo na simba ananisubiri kisimani. Wakacheka. Walicheka sana, hilo nisikufiche, nami nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota pochi barabarani, yenye kitambulisho cha mwenyewe ndani.

Pale baa kuna mzee Mkongo anayeosha vyombo, mtu wa Bukavu. Usiku mmoja nimeshuka nimevimba kichwa, akanivuta pembeni huku anajifuta mikono, akaniuliza kwa Kiswahili chao: “Mutoto yangu, ile simba ulionaka wapi?” Nikakosa la kumjibu. Shangazi, unanijua. Simba niliyemwona maishani ni yule wa kizimbani pale Sabasaba, naye alikuwa amelala ametugeuzia makalio. Mzee akarudi kwenye sinki lake. Hakuongeza neno, na afadhali angeongeza.

Wiki ile ndipo nilipoanza kumtazama vizuri Richard Pryor. Huyu ni mchekeshaji Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1940 mji wa Peoria, kama saa tatu kwa gari kutoka hapa, akalelewa na bibi yake kwenye danguro la bibi huyo, samahani kwa neno. Alipoanza kuchekesha alifanya kama mimi: akavaa mdomo wa mtu mwingine, akawa msafi, mpole, asiyemuudhi yeyote, na pesa zikaja. Mwaka 1967, Las Vegas, ukumbi umejaa, akajiuliza mbele yao anafanya nini pale, akashuka jukwaani. Aliporudi baada ya muda alirudi na danguro, bibi yake, walevi wa mtaani kwao, woga wake, vyote. Mwaka 1979 akaenda Kenya. Akawa amekaa hotelini anatazama watu wanaopita, kila mwenye kazi yake, kubwa kwa ndogo, ni mweusi kama yeye. Akaamua lile neno la kuwatukana weusi, ambalo alikuwa amejipatia nalo jina, hatalitumia tena. Kisha akarudi akalieleza jambo hilo jukwaani, mbele ya watu waliomzoea kwa neno lilelile. Mwaka 1980 alijiunguza moto katika mambo ya dawa za kulevya, akaponea chupuchupu, na huo moto nao akaupandisha jukwaani watu wakacheka. Mimi sina moto, na ninamshukuru Mungu. Lakini nilijua kitu nilichokuwa nakikwepa na simba wangu.

Haya. Tafsiri ndiyo hii. Kaa chini kama binamu.

“Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Jumapili baada ya misa huwaambia watu kwamba mwanawe ni daktari Marekani. Mimi kazi yangu ni kuwaogesha wazee na kuwabadilisha nepi. Nilimwandikia kwamba nafanya kazi na wagonjwa, naye akanipandisha cheo. Ni miaka minne sijamsahihisha, mtu ambaye maisha yake yote alishika kalamu nyekundu. Sasa watu wa kijijini wanampelekea maradhi yao ili aniulize mimi. Nawajibu wote: wanywe maji mengi, wapunguze chumvi. Mpaka leo hakuna aliyekufa. Mzee mmoja mgongo ulimwachia, akaleta mbuzi wa shukrani. Mbuzi yuko kwetu. Ameshazaa.”

Hapo ndipo walipocheka vile ulivyosikia. Ni cheko jingine kabisa na lile la simba. La simba lilikuwa linanipita juu ya kichwa, linakwenda kwa mtu ambaye hayupo. Hili lilinijia kifuani. Na nilipotoka, msichana mmoja wa Kipolandi alinifuata mpaka mlangoni akaniambia wazazi wake wanamjua kuwa ni wakili, kumbe anawachapia mawakili barua. Akasema hivyo akaondoka, jina lake silijui.

Sasa umeshajua, Shangazi. Mimi si daktari. Si muuguzi pia. Nina cheti cha wiki chache cha kuwahudumia wazee, na kazi yenyewe siionei aibu. Yupo mzee mmoja hamjibu mtu mwingine yeyote ila mimi, na ananiita kwa jina la mwanawe aliyefia vitani. Ninaloonea aibu ni kwamba ukweli huu nimewaambia walevi ishirini wa Chicago kabla ya baba yangu mzazi. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu wale wakikasirika ninapanda treni.

Baba atakujibu kwa methali, na najua ni ipi: mzaha mzaha hutumbua usaha. Alitusomea hiyo tangu tuko wadogo, kila tulipocheka mezani. Kazi hii ya wazee imenionyesha upande wake wa pili. Mtu akilala sana kitandani hutoka vidonda, na kipo kidonda ambacho juu kimefunga vizuri, ngozi inang'aa, ndani kimeoza. Siku kinapotumbuka kinanuka chumba kizima, na siku hiyohiyo ndiyo mzee analala usingizi. Sisemi baba amekosea methali. Nasema labda walioitunga walikuwa wanauguza.

Na jambo lenyewe hatukulijifunza Marekani. Unakumbuka msiba wa babu? Nilikuwa na miaka tisa. Babu, Mngoni wa Songea aliyekuja Tanga manamba kukata mkonge, akabaki huko mpaka kaburi. Jeneza liko tayari, Paroko ameshafunua kitabu, mara akatokea yule bibi wa Kinyamwezi, mtani wetu wa nyumba ya pili, amevaa koti la babu, kofia ya babu, fimbo ya babu. Sijui nani alimpa. Akatembea kama babu, mguu wa kulia unachelewa, akasimama mbele ya watu akakohoa kile kikohozi chake cha mara tatu. Watu wakashika midomo. Mtu mmoja akamfanyia kusudi, akamwomba hela, naye akamgeuzia sikio la kushoto, lile bovu, akasema: “Ati nini? Chakula? Nimeshakula, mwanangu.” Babu huyo! Babu mzima! Kisha akatandika kitenge kwenye udongo uliochimbwa, akalala juu yake, akatangaza kwamba Mngoni huyu alikuwa na deni kwa Wanyamwezi na hazikwi mpaka alipwe.

Nikamtazama baba. Nilidhani atamfukuza. Akaingiza mkono mfukoni, akahesabu sarafu kama alivyohesabu babu, mara mbili, akampa moja. Yule bibi akaitazama ile sarafu, akaigeuza, akasema, “Kweli ni mwanawe.”

Baba akacheka. Shangazi, sisi watoto wake hatukuwa tumewahi kuyajua magego ya baba. Siku ile tuliyaona, yote, na moja la juu limetoboka. Akacheka mpaka kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu babu afariki siku mbili nyuma. Wewe ndiwe uliyemshika bega.

Mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyolelewa. Mababu walipigana, wajukuu wamerithi ruhusa. Yule bibi aliweza kusema mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa bahili, kwa sababu kila mtu alijua alikuwa bahili, na kila mtu alijua kwamba bibi huyo atamkosa kuliko wengi. Huku mimi si mtani wa mtu. Napanda mbele ya wageni ambao hawakuwahi kupigana na babu yangu wala kula naye. Ruhusa naipata kwa njia moja tu niliyoiona mpaka sasa: najilaza mimi kwanza juu ya udongo.

Basi nina maombi mawili, na ndiyo maana nimeanza na wewe. Hili la daktari, mwambie wewe, baada ya chakula cha usiku, si kabla. Usimwambie mbele ya watu. Mbuzi sina la kusema, mtaamua wenyewe. Nadhani arudishwe, na watoto wake wabaki. Kama atataka kunipigia, Jumapili sifanyi kazi. Kama hatataka, nitangoja.

La pili ni ule msiba. Nataka kuusimulia jukwaani, dakika tano nzima, koti na sarafu na vyote. Nimeuandika mara nyingi na kuufuta. Lakini ule si wangu peke yangu. La nepi na udaktari ni aibu yangu, nimeitoa mwenyewe. Machozi yale ni ya baba, na sitaki kumsimulia bila yeye kujua. Akisema hapana, ni hapana, na sitauliza sababu.

Humu kwenye bahasha kuna dola 60 za goti lako. Usimpe binamu akubadilishie.

Utakapomsomea barua hii soma polepole, na ukifika pale bibi wa Kinyamwezi alipoigeuza sarafu, nyamaza kidogo, mtazame baba mdomoni. Kisha uniambie umeona meno mangapi.

Wako mtiifu,
kitindamimba wenu