Anayeuliza bei ya bunduki sio msaliti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Kila watu wakiandamana nje ya kiwanda cha silaha au kwenye maonesho ya silaha, maneno ni yaleyale, eti hawana uzalendo, hawajui dunia ilivyo, wanataka adui atukute mikono mitupu. Mi niko upande wa hao waandamanaji na nataka nieleze kwa nini.

Kwanza niseme kitu ambacho sisi tunaopinga huwa tunakiruka. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 mabango yasingesaidia kitu, watu walihitaji mizinga na makombora ya kutungulia ndege, na Ulaya ikajikuta viwanda vyake haviwezi kutengeneza risasi za mizinga kwa kasi ambayo vita inazila. Hilo silibishi. Na intaneti tunayochati nayo chanzo chake ni ARPANET, mtandao uliowashwa 1969 kwa hela za wizara ya ulinzi ya Marekani, hata GPS ya kwenye simu ni kazi ya jeshi. Kwa hiyo siwezi kusema sekta nzima ni uovu mtupu, nitakuwa mwongo.

Ila angalieni hii biashara inavyoendeshwa jamani. Mnunuzi ni serikali, hela ni ya mlipa kodi, leseni ya kuuza nje inatolewa na serikali hiyohiyo, halafu ukiuliza bei au nani kala kamisheni unaambiwa hiyo ni siri ya usalama wa taifa. Aliyeonya kuhusu hili mapema hakuwa mwanaharakati, alikuwa jenerali mstaafu, Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, tarehe 17 Januari 1961 akiaga aliwaambia wananchi wawe macho na nguvu inayotokea jeshi na viwanda vya silaha vikishikana mikono. SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia matumizi ya silaha duniani, inasema mwaka 2024 matumizi ya kijeshi duniani yalifika dola trilioni 2.7. Hela zote hizo na asiulize mtu?

Kesi ya rada iliyouzwa Tanzania na BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, wengi mnaikumbuka, pauni milioni 28 hivi. Watu walisema tangu mwanzo kwamba ni ghali mno, hata waziri wa Uingereza mwenyewe Clare Short aliipinga ndani ya serikali yake, na hawakusikilizwa. Mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu za dili hilo, baadaye ikalipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania, zikaenda kwenye vitabu vya shule na madawati. Hela hiyo isingerudi kama wote wangenyamaza kwa kuogopa kuitwa wasaliti.

Na sio kelele za mitandaoni tu. Aprili 2008 meli ya An Yue Jiang ilifika Durban na shehena ya silaha za kwenda Zimbabwe wakati matokeo ya uchaguzi kule yanagombaniwa, wafanyakazi wa bandari wakagoma kuzishusha, mahakama nayo ikazuia mzigo usipite, meli ikang'oa nanga. Mei 2019 wenzao wa bandari ya Genoa, Italia, wakagoma kupakia meli ya Saudi Arabia sababu ya vita ambayo Saudia ilikuwa inapigana Yemen. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ya London ikasema serikali ya Uingereza ilivunja sheria ilivyokuwa inatoa leseni za silaha za Saudia, na waliofungua kesi ni hao wapinzani wa biashara ya silaha, kundi la CAAT. Mwaka mmoja tu leseni zikarudi, inauma, lakini bila wao hata hilo swali lisingeulizwa.

Sasa tuje kwenye ajira maana hapo ndo sisi wapinzani tunakosea. Tunasimama getini tunamwita mtu muuaji wakati yeye ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, akisikia kiwanda kifungwe anasikia mimi nife njaa, na ana haki ya kukasirika. Wafanyakazi wa Lucas Aerospace, Uingereza, walikuwa na akili kutuzidi. Walikuwa wanatengeneza vifaa vya ndege, vingi vya kijeshi, kazi zikatishiwa kupunguzwa, badala ya kulia tu wakakaa wenyewe wakaulizana kwa mashine hizi na ujuzi huu tunaweza kutengeneza nini chenye faida kwa watu. Mwaka 1976 wakatoa mpango wenye mawazo kama 150, mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, mitambo ya upepo, mashine za kupasha nyumba joto kwa nishati kidogo, gari linaloweza kwenda barabarani na kwenye reli. Uongozi ukaukataa. Leo mitambo ya upepo na hizo mashine za joto zinauzwa kila kona ya dunia, yaani waliona miaka mingi kabla ya mabosi wao.

Nina jamaa yangu wa karibu anayekula mshahara wa kiwanda cha vipuri vya ndege za kivita, miaka yote tukikutana ni ugomvi. Safari iliyopita sikumuuliza kwa nini unafanya kazi pale, nilimuuliza ungepewa mashine zilezile na mshahara uleule ungetengeneza nini. Alinyamaza kidogo, akaomba kalamu, akaanza kunichorea pampu ya maji, akanieleza mpaka usiku ukaingia na karatasi yake ninayo mpaka leo.

Wenu msomaji wa kila siku.